Nguruwe, Kabichi Chachu na Ndugu Aliye Mezani

Wapo Wakristo wenzetu ambao kwao Mwaka Mpya haujaingia mpaka wamekula nyama ya nguruwe iliyookwa pamoja na kabichi chachu. Wengi wao ni Walutheri kama sisi. Wanaishi Pennsylvania, huko Marekani, na mababu zao walitoka kusini-magharibi mwa Ujerumani katika karne ya 18. Tarehe 1 Januari, ukipita katika miji yao midogo, harufu inayotoka katika kumbi za sharika na madirisha ya nyumba ni moja. Ukiwauliza sababu, watakupa jibu la wakulima: kuku huchakura na kurusha mavumbi nyuma, lakini nguruwe hufukua kwa pua akienda mbele. Basi anayetaka mwaka wake uende mbele asile kuku siku hiyo.

Sisi tulifika huko tukiwa wageni wa sinodi rafiki. Tulikuwa watu sita kutoka dayosisi yetu: wachungaji watatu, akina mama wawili, na mwinjilisti mmoja mzee ambaye alikuwa amehudumu miaka mingi kuliko sisi wachungaji watatu kwa pamoja. Usharika uliotupokea uko magharibi mwa mto Susquehanna, na kila mwaka huandaa chakula cha Mwaka Mpya kwa watu kama mia mbili. Tulipoambiwa kwamba wageni wanaweza kusaidia jikoni, tulikubali wote. Nje kulikuwa na theluji, na jikoni ndipo palipokuwa na joto.

Aliyesimamia jiko hilo alikuwa bibi aliyezidi miaka themanini. Alitupanga kama mwalimu wa kwaya anavyopanga sauti. Wengine tulipewa mabega ya nguruwe ishirini na manne, kila moja kama kilo tatu, tuyapake chumvi, pilipili manga na kisibiti. Wengine tulimenya viazi vya kuponda. Mwinjilisti wetu alipewa kisu na ndoo ya matufaha, ayakate vipande. Kabichi yenyewe ilikuwa imeanza kuandaliwa tangu Oktoba, na ilitolewa stoo katika mitungi mizito ya kauri, kila mtungi ukiwa na sahani na jiwe juu.

Kijerumani chakula hicho huitwa Sauerkraut, maana yake mboga chachu. Kazi yake ni rahisi, na mama yeyote anayejua kugandisha maziwa ataielewa. Kabichi hukatwa nyembamba, kisha hutiwa chumvi gramu 20 hadi 25 kwa kila kilo moja ya kabichi. Hukandwa kwa mikono mpaka itoe maji yake yenyewe. Haiongezwi siki wala hamira. Hushindiliwa mtungini mpaka maji yake yaifunike, na juu huwekwa uzito ili jani lolote lisielee, maana jani linaloelea huota ukungu. Vijidudu vilivyo katika kabichi tangu shambani hula sukari yake na kutoa asidi ileile inayofanya mtindi uwe mchachu, na asidi hiyo ndiyo inayozuia uozo. Mahali penye ubaridi wa wastani, baada ya wiki nne hadi sita iko tayari, na ikitunzwa vizuri hukaa miezi.

Siku ya kupika, kabichi hutandazwa katika sinia la kuokea pamoja na vitunguu, matufaha na sukari nyekundu kidogo, bega huwekwa katikati, sinia hufunikwa na kuingizwa katika oveni isiyo kali, kama nyuzi 160, kwa saa tatu au nne. Mafuta ya nyama hushuka na kulainisha uchachu wa kabichi. Uchachu nao hupanda na kukata mafuta ya nyama. Tuliambiwa tusifunue mapema. Mmoja wetu alifunua mapema, akapigwa kofi la mkono kwa mwiko.

Sasa tuseme lililotufanya tuandike habari hii. Tulipokuwa tukipaka nyama chumvi, wenyeji waliona kwamba mwinjilisti wetu alikata matufaha, akakata vitunguu, lakini alikaa mbali na meza ya nyama. Mmoja wa wenyeji akauliza kama ni mgonjwa. Mmoja wetu, mchungaji, akajibu kwa Kiingereza, halafu akarudia kwa Kiswahili ili mzee asikie, kwamba mzee huyu hali nguruwe. Ni yule ndugu dhaifu wa imani ambaye Paulo anamtaja katika Warumi 14. Tukacheka. Aliyesema alikuwa mmoja, lakini tuliocheka tulikuwa watano, na kosa lile ni letu sote.

Bibi wa jiko hakucheka. Alifuta mikono, akamwendea mzee, na kwa kinywa cha mkalimani akamuuliza kwa nini. Mzee akasema, "Mama yangu alizaliwa katika Uislamu, na kaka zake wako hai. Wakija kwangu wanakula katika sufuria zangu bila kuuliza. Nataka waendelee kutouliza."

Bibi hakujibu neno. Alikwenda kabatini, akatoa sufuria ndogo, akaiosha ingawa ilikuwa safi, akachota kabichi kutoka katika mtungi ambao ulikuwa haujafunguliwa, akatia matufaha na siagi, akaiweka kwenye jiko la pembeni, na mwiko wake peke yake.

Tulikula kimya kuliko tulivyotarajia. Na tuliporudi nyumbani tulivifungua vitabu vyetu vya historia ya Kanisa, ambavyo wengine wetu tulikuwa hatujavigusa tangu chuo cha theolojia, kuona kama kweli historia ya chakula kile ilikuwa upande wetu sisi tuliocheka.

Mwanzo wa chakula chenyewe hauna dini. Katika Ulaya ya kaskazini majira ya baridi ndiyo yaliyopanga jiko. Nguruwe waliachiwa msituni wakati wa vuli wale matunda ya mialoni, na baridi ilipoingia, kuanzia Novemba, walichinjwa, kwa sababu hapakuwa na chakula cha kuwalisha wote mpaka masika, na kwa sababu baridi ilitunza nyama kabla mtu hajaota ndoto ya friji. Kabichi nayo ilivunwa vuli na kutiwa mtungini. Kwa hiyo mwisho wa Desemba kila nyumba iliyojiweza ilikuwa na vitu viwili: nyama ya nguruwe na kabichi iliyokwisha kuchachuka. Sikukuu ya Kuzaliwa kwa Bwana na Mwaka Mpya zilikuta chakula hicho tayari. Hadithi ya kuku anayechakura nyuma ilikuja kupamba jambo lililokwisha kuamuliwa na hali ya hewa. Sisi wachungaji tulikuwa tumeanza kunusa ushirikina katika hadithi ile. Tukaona kwamba wazee wa Pennsylvania wanaisimulia kama sisi tunavyosimulia habari za sungura na fisi.

Dini iliingia kwa mlango wa mfungo. Katika Kanisa la zamani la magharibi, siku za kufunga zilikuwa nyingi sana, na siku za Kwaresima haikukatazwa nyama tu. Siagi, maziwa na mayai navyo vilikatazwa. Tajiri alikula samaki, na mafuta ya kupikia aliyanunua kutoka nchi za mbali. Maskini wa kaskazini, ambako mizeituni haioti, alibaki na mafuta mabaya. Ruhusa zilipatikana, lakini mara nyingi kwa ada. Mwaka 1491 Papa Innocent VIII aliwapa watu wa Saksonia ruhusa ya kutumia siagi wakati wa mfungo, na walioitumia walitakiwa kutoa fedha kwa ajili ya ujenzi wa kanisa. Tukumbuke jambo hili tunapowasikia watu wakisema kwamba ugomvi wa Matengenezo juu ya chakula ulikuwa ugomvi wa tumbo. Ulikuwa ugomvi juu ya nani ana mamlaka ya kufunga dhamiri, na nani anafaidika akiifunga.

Ndipo tunafika mwaka 1522. Katika mji wa Zürich, wakati wa Kwaresima, watu kadhaa walikutana nyumbani kwa mpiga chapa Christoph Froschauer, ambaye wafanyakazi wake walikuwa wamechoka kwa kazi, wakala soseji. Ulrich Zwingli alikuwapo. Yeye mwenyewe hakula, lakini Froschauer aliposhtakiwa, Zwingli alimtetea mimbarani na katika kitabu, akifundisha kwamba Mkristo yuko huru katika vyakula. Soseji zile zilikuwa mwanzo wa Matengenezo ya Uswisi.

Siku hizohizo, Martin Luther alirudi Wittenberg kutoka maficho yake katika ngome ya Wartburg. Alirudi kwa sababu mji ulikuwa umechafuka. Alipokuwa hayupo, wenzake walikuwa wamebadilisha ibada kwa haraka, sanamu zilikuwa zinavunjwa, na kula nyama siku ya mfungo kulikuwa kumegeuka kuwa alama ya kuonyesha nani ni Mkristo wa kweli wa Injili. Kuanzia Jumapili ya kwanza ya Kwaresima, tarehe 9 Machi 1522, Luther alihubiri siku nane mfululizo.

Mahubiri haya tulikuwa tumeyajibia mtihani chuoni. Tulikumbuka kwamba yanatetea uhuru, na kweli yanautetea. Tulichokuwa tumesahau ni mpaka anaouweka. Luther anasema, kwa ufupi, kwamba chakula ni kilekile lakini watu wanaoketi mbele yako si wamoja. Akija mtu anayekuamuru usile, kana kwamba wokovu wako uko mikononi mwake, basi kula mbele yake, hata kama hukuwa na njaa. Lakini akija mtu ambaye dhamiri yake ingejeruhiwa, iache nyama, wala hujapungukiwa na kitu. Anatumia mfano wa mama na mtoto: mama hampi mtoto mchanga chakula kigumu, humwanzishia maziwa, kisha uji, kisha vyakula laini. Luther aliwaambia watu wa Wittenberg kwamba imani wanayo, lakini upendo hauonekani kwao.

Tuliposoma hapo tulinyamaza. Maana tuliyekuwa tumemwita dhaifu hakuwa dhaifu hata kwa kipimo cha Paulo. Dhaifu wa Warumi 14 ni yule anayeogopa kwamba akila atatenda dhambi. Mzee wetu hakuogopa hivyo. Alijua kwamba ni halali kwake, kama Petro alivyoonyeshwa juu ya dari kule Yafa, katika Matendo 10. Alikuwa ameiacha nyama kwa hiari, kwa ajili ya wajomba zake, kama Paulo anavyosema katika 1 Wakorintho 8 kwamba yuko tayari kutokula nyama kabisa kuliko kumkwaza ndugu. Kwa hiyo mwenye nguvu pale jikoni alikuwa ameshika kisu cha matufaha, na sisi wengine tulikuwa tumeshika nyama.

Ungamo la Augsburg la mwaka 1530, katika kifungu cha 26, linazungumzia tofauti za vyakula kwa mizani hiyohiyo. Halikatazi kufunga, wala halidharau desturi. Linakataa fundisho kwamba kwa kuchagua vyakula mtu hustahili neema. Desturi zinaweza kubaki mradi zisigeuzwe kuwa njia ya wokovu. Na tuongeze sisi kwamba kama kutokula hakuokoi, kula nako hakuokoi.

Luther mwenyewe alikula nguruwe bila shida. Wachimbaji wa mambo ya kale walipofukua jalala la nyumba ya wazazi wake huko Mansfeld mwaka 2003, walikuta mabaki ya jikoni ya wakati wa utoto wake, na mifupa ya nguruwe ilikuwamo, pamoja na ya bata bukini na hata ya ndege wadogo. Mke wake, Katharina von Bora, aliyefunga naye ndoa mwaka 1525, alifuga nguruwe, alilima bustani, alipika bia, na kulisha wanafunzi na wageni waliojaa katika nyumba iliyokuwa monasteri. Katika moja ya barua zake za mwisho, mwaka 1546, Luther alimwandikia kwa utani akimpa vyeo vingi, kimojawapo mama wa soko la nguruwe. Tunapenda sana barua ile. Inatuonyesha nyumba ya mchungaji ambamo mama ndiye aliyejua hesabu.

Lakini tungekuwa waongo tukiishia kwenye utani huo. Katika Wittenberg hiyohiyo, nje ya kanisa la mji, kanisa ambalo Luther alihubiri mahubiri yale nane, kuna sanamu ya jiwe juu ukutani. Ilichongwa yapata miaka mia mbili kabla yake. Inaonyesha Wayahudi wakinyonya nguruwe jike. Ilichongwa kwa makusudi ya kuwatukana kwa mnyama ambaye Torati yao inawakataza. Na mwaka 1543 Luther, akiwa mzee, mgonjwa na mwenye uchungu, aliiandika sanamu ile kwa kuisifu, katika maandiko makali dhidi ya Wayahudi ambayo watu waovu waliyatumia karne nyingi baadaye. Mtu yuleyule. Mwaka 1522 alisema iache nyama kwa ajili ya jirani. Mwaka 1543 alimshika nguruwe akampiga naye jirani. Hatuna maelezo ya kumtetea, wala hatutaki kuyatafuta. Usharika wa Wittenberg uliweka bamba la ukumbusho chini ya sanamu hiyo mwaka 1988, likiwakumbuka Wayahudi waliouawa, na mwaka 1994 Kanisa la Kiinjili la Kilutheri la Marekani lilitoa tamko rasmi kuyakataa maandiko hayo ya Luther.

Hapa tunaomba msomaji atulie nasi kidogo. Tarehe 1 Januari katika kalenda ya Kanisa ni siku ya nane tangu Krismasi. Ni siku ambayo, kwa Luka 2:21, mtoto alitahiriwa na kupewa jina Yesu. Yaani siku ileile ambayo Walutheri wa Pennsylvania wanaoka mabega ya nguruwe ndiyo siku Kanisa linapokumbuka kwamba Bwana wetu aliingizwa katika agano la Ibrahimu, katika nyumba ambayo nguruwe hakuingia. Mariamu hakuwahi kumpikia nguruwe. Hatusemi hivyo ili kuwaharibia wenzetu karamu yao. Tunasema kwa sababu hata sisi tulikula siku ile bila kuliwaza.

Turudi Pennsylvania. Wajerumani walioingia huko walikuwa wa aina nyingi: Walutheri, Wareformed, Wamennonite na wengineo, na wengi walikuwa wamekimbia vita na njaa. Walutheri hawakuwa na wachungaji wa kutosha. Mwaka 1742 alifika Henry Melchior Muhlenberg, aliyetumwa kutoka Halle, akakuta sharika zilizotawanyika na watu waliokuwa wakidanganywa na wachungaji bandia. Mwaka 1748 alikusanya wachungaji na wajumbe wa sharika wakaunda sinodi ya kwanza ya Kilutheri katika Marekani. Walutheri na Wareformed mara nyingi walijenga jengo moja la kanisa na kulitumia kwa zamu, Jumapili hii hawa, Jumapili ijayo wale. Walitofautiana juu ya Meza ya Bwana, lakini meza ya kabichi ilikuwa moja. Mtungi wa kauri katika stoo, lugha ya nyumbani na kitabu cha nyimbo ndivyo vitu walivyovishika katika nchi ya ugenini.

Kisha ikaja mwaka 1917, Marekani ikaingia katika vita dhidi ya Ujerumani, na chakula kilekile kikawa ushahidi mahakamani, kwa namna ya kusema. Watu wenye majina ya Kijerumani walitazamwa kama wapelelezi. Kabichi chachu ilikosa wanunuzi, na mwaka 1918 wauzaji wakaanza kuiita kabichi ya uhuru ili iweze kuliwa bila aibu. Katika jimbo la Iowa, gavana alitoa tangazo Mei 1918 lililokataza lugha za kigeni hadharani, hata katika ibada. Fikiri: bibi aliyejua sala zake kwa Kijerumani tu, anaambiwa asizisali kanisani. Huko Nebraska mwalimu wa shule ya Kilutheri, Robert Meyer, alitozwa faini kwa kumfundisha mtoto wa miaka kumi kusoma hadithi za Biblia kwa Kijerumani, na kesi yake ilifika Mahakama Kuu ya Marekani, ambayo mwaka 1923 ilimpa haki. Kwa hiyo watu waliokuwa wamezaliwa chini ya ile sanamu ya Wittenberg, tukiweza kusema hivyo, wakaonja jinsi inavyokuwa chakula chako kinapogeuzwa kuwa tusi.

Vita hivyohivyo vilifika kwetu. Watu wa Misioni ya Berlin walikuwa wameingia nyanda za juu kusini mwaka 1891. Majeshi ya Waingereza yalipofika mwaka 1916, wamisionari Wajerumani waliondolewa, na hawakuruhusiwa kurudi mpaka katikati ya miaka ya 1920. Katika muda huo walimu na wazee wazalendo ndio waliobaki na ubatizo, mafundisho na mazishi. Babu yake mwinjilisti wetu alikuwa mmoja wa walimu hao. Mzee alitusimulia habari hii ndani ya ndege tukirudi, bila sisi kumuuliza, na hakutaja kabisa yale tuliyosema jikoni.

Sisi Watanzania hatuna haja ya kwenda Wittenberg au Iowa kutafuta mifano. Wakati wa Pasaka ya mwaka 1993 mabucha ya nyama ya nguruwe yalivamiwa na kuvunjwa jijini Dar es Salaam. Tuliokuwa vijana wakati ule tunakumbuka hofu. Waliovunja walikosa, na sheria ya nchi ilisema hivyo. Lakini tuwe wakweli juu ya upande wetu pia. Tumewasikia Wakristo wakilitaja neno kitimoto kwa sauti ya juu wakiwa kwenye daladala, si kwa sababu wana njaa, ila kwa sababu mwenye kanzu ameketi kiti cha mbele. Tumeona misiba ambapo jirani Mwislamu amekuja kuzika nasi, amechimba kaburi pamoja na vijana wetu, na chakula kimepikwa bila mtu kufikiri atakula nini au ni nani aliyechinja. Na tumewasikia wachungaji, sisi tukiwamo, wakiwadhihaki ndugu Wasabato kwa jambo hilohilo, kana kwamba Injili iliandikwa ili tupate nafasi ya kuwacheka.

Mwezi uliofuata baada ya safari, tulikwenda sisi watano kwa mzee kuomba msamaha. Alitukaribisha, akaagiza chai, akasema lile lilikwisha palepale Pennsylvania. Halafu akatuonyesha ndoo ya plastiki yenye mfuniko, pembeni ya jiko. Alikuwa amenunua kabichi sokoni, ambazo kwetu hazina bei, akaikata na kuitia chumvi kama alivyomwona bibi yule akielekeza. Ndoo ya kwanza ilioza. Alikuwa ameacha majani yaelee, na nyumba nzima ikanuka mpaka mkewe akaitupa kwenye migomba. Ya pili ilikuwa na jiwe la mtoni juu ya sahani.

Tulionja. Wawili kati yetu tuliomba zaidi. Mmoja alisema ni kabichi iliyoharibika yenye bahati ya kuwa na historia.

Mwaka Mpya uliofuata wajomba wa mzee walikuja kwake, wakongwe wawili, mmoja akitembea kwa mkongojo. Alikuwa amepika ndizi, kuku aliyechinjwa na kijana wa mjomba mwenyewe, na bakuli la kabichi chachu iliyopikwa kwa vitunguu. Mjomba mkubwa alitia kijiko, akakunja uso, akauliza hii ni nini. Mzee akamwambia ni mboga ya Wajerumani, aliletewa mtungini na bibi mmoja kule ng'ambo, na haina kitu. Mjomba akasema wale Wajerumani waliteseka sana. Kisha akasogeza bakuli karibu yake.